KUTAYARISHA NYIMBO ZA KUPELEKA KWA KAMPUNI ZA SANTURI

(Mazungumzo yaliyosomwa na Kamati ya Bendi mbele ya wanachama katika ukumbi wa tawi. Yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu.)



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kitumie jioni nzima kwa mambo ya magitaa, na hali shauri la posho ya nyumba halijakwisha. Ni swali la haki, nasi twalijibu kwanza. Chama hiki kiliundwa ili mtu asiuze kazi yake bila kujua bei yake. Wimbo nao ni kazi. Hutungwa usiku baada ya zamu, hufanyiwa mazoezi siku ya mapumziko, na nyuzi za gitaa hununuliwa kwa mshahara ule ule tunaougombania. Mtu akiuchukua bure, amechukua saa zetu bure. Kwa hiyo jambo hili ni la chama.

Tena katika tawi letu mna bendi mbili, kwaya moja, na vijana kadha wa kadha wanaotengeneza muziki kwa kompyuta. Wote wana tamaa moja, yaani kupeleka nyimbo zao kwa kampuni za santuri. Santuri zenyewe karibu zimekwisha, na vijana siku hizi huziita kampuni hizo lebo, lakini shughuli ni ile ile ya kuchukua wimbo, kuutangaza na kuuuza. Nakala ya kuwapelekea wapate kusikia kwanza huitwa demo. Leo twataka kueleza namna ya kuitayarisha, na lililo kubwa zaidi, mambo ya kufanya kabla haijatoka mlangoni.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Afadhali tuanze na kosa letu, ili msidhani twajifanya walimu. Demo yetu ya kwanza tulitia nyimbo 11 katika flashi moja. Hatukuzipa majina, tulizipa namba tu. Wimbo wa kwanza ulianza kwa gitaa peke yake dakika moja na nusu kabla mtu hajafungua kinywa. Namba ya simu tuliiandika juu ya bahasha, ndani hatukuandika kitu. Tukaenda mjini kwa kampuni moja, tukampa karani, tukarudi tukijipongeza.

Miezi mitatu ikapita kimya. Tulipokwenda kuuliza, karani alitufungulia sanduku lililojaa flashi, bahasha zilikwisha tupwa zamani, akatuambia tuchague yetu. Hatukuitambua. Karani yule hatumlaumu. Mzigo usio na alama hata bandarini hulala ghalani mpaka uoze.

KUCHAGUA NYIMBO

Yafaa tukumbuke kwamba anayesikiliza demo naye ni mfanya kazi. Ana rundo mbele yake, na saa ya kwenda nyumbani yakaribia. Nyimbo tatu zatosha, nne ndio mwisho. Ulio bora uwe wa kwanza. Usiseme utauweka mwisho kama karamu, maana huenda asifike huko. Mwimbaji aingie mapema, kabla ya nusu dakika kwisha. Ikiwa bendi yenu hupenda kuanza kwa gitaa refu, wekeni hilo kwa siku ya dansi.

Nyimbo ziwe zenu wenyewe. Ukiimba wimbo wa mtu mwingine, waonyesha kwamba una sauti, lakini huonyeshi kwamba una mali. Tena jueni mnampelekea nani. Kampuni inayotoa nyimbo za injili haitaki benga, na ya vijana wa rapu haitaki taarab. Sikilizeni kwanza walichotoa. Ulizeni jina la mtu anayepokea, na ulizeni kama wanapokea kabisa, kwa sababu kampuni nyingine hazifungui nyimbo wasizoziagiza.

Watu husema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hakiwezi kujiuza kikiwa chini ya gunia.

KUREKODI

Wengi wenu mwadhani demo yataka studio ya bei kubwa. Sivyo. Demo ni kipande cha kitambaa anachoonyesha fundi cherehani. Si suti kamili. Lakini kipande hicho kikiwa kichafu, hakuna atakayeagiza suti. Simu nzuri ya mkononi au maikrofoni moja ya kawaida yatosha, ikiwa mtatunza mambo manne.

La kwanza ni chumba. Chumba kitupu chenye kuta za simiti hurudisha mwangwi, na sauti huonekana kama yatoka kisimani. Tafuteni chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa. Simamisheni godoro nyuma ya mwimbaji, tundikeni blanketi dirishani. Zimeni feni na friji, na simu ya kurekodia izuiwe isipokee simu. Sisi hurekodi Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi.

La pili ni umbali. Mwimbaji awe kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na aimbe kwa upande kidogo, ili herufi kama "p" na "b" zisipige kama upepo wa mlango.

La tatu ni nguvu ya sauti. Msijaze mpaka alama nyekundu iwake. Sauti ndogo yaweza kuongezwa baadaye, lakini sauti iliyopasuka haishoneki. Magitaa yote yapimwe kwa kipimo kimoja, na yapimwe tena kabla ya kila wimbo.

La nne ni maneno kusikika. Wapiga ngoma wetu watusamehe. Msikilizaji akikosa maneno, amekosa wimbo. Mkimaliza, jaribuni demo katika spika kubwa, katika redio ndogo ya jikoni, na katika simu. Kisha mpeni mtu asiyeona haya kuwaambia kweli. Msimpe shemeji anayewasifu daima.

KUFUNGA NA KUPELEKA

Hapa hesabu yahitajika kidogo. Rekodi ya aina ya WAV, ambayo haijapunguzwa, hula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika moja. Basi wimbo wa dakika 4 ni kama megabaiti 40, na barua pepe ya Gmail haibebi zaidi ya megabaiti 25. Ndiyo sababu vijana wengi husema wamepeleka, na kumbe barua haikutoka. Tengenezeni nakala ya MP3 ya kiwango cha 320. Wimbo ule ule utakuwa kama megabaiti 10. Afadhali zaidi ni kuziweka nyimbo zote mahali pa kuhifadhia mtandaoni na kupeleka linki tu. Kabla ya kuituma, ijaribuni linki katika simu ya mtu mwingine, mwone kama yafunguka.

Ile WAV msiifute. Kampuni ikiupenda wimbo, ndiyo itakayoiomba. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili, maana mwizi wa simu haulizi kilichomo ndani.

Kila faili iwe na jina la bendi, jina la wimbo, na namba ya simu. Barua iwe fupi, isizidi mistari kumi. Semeni ninyi ni nani, mwapiga wapi, mko wangapi, nyimbo zimetungwa na nani, na mwataka nini. Hapana haja ya kuandika kwamba hakuna bendi kama yenu Afrika Mashariki nzima. Subirini wiki tatu au nne, kisha ulizeni mara moja kwa adabu. Mkikataliwa, si aibu. Pelekeni kwingine.

Tena mtu akiwaambia mtoe fedha ili asikilize demo yenu, ondokeni. Mnunuzi wa samaki hamtozi mvuvi ada ya kumtazamia samaki.

DAFTARI LA MWENZETU

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Wengi wenu mwamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akitupigia gitaa la besi, fundi wa kuchomelea vyuma. Alifariki, Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata, wimbo mmoja uliokuwa katika demo yetu ya pili ulimpendeza mtu mmoja wa kutengeneza matangazo, akatulipa Sh. 60,000 apate kuutumia. Zilikuwa fedha za kwanza za maana kuingia katika bendi. Na fedha hizo nusura zituvunje.

Kila mmoja wetu alikumbuka kwamba wimbo ni wake. Hatusemi watu walidanganya. Wimbo unapotungwa na watu watano chumbani, huyu akitoa mstari, yule akitoa mlio, baada ya miaka miwili kila mtu hukumbuka sauti yake mwenyewe. Tuliacha kusemezana. Mazoezi yakakoma.

Ndipo mjane wa mwenzetu alipokuja katika ofisi ya chama. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza tu kama wimbo ule una maneno ambayo mumewe alikuwa akiyaimba jikoni, na mkononi alikuwa na daftari la shule. Mbele ya daftari mwenzetu alikuwa ameandika saa zake za ovataimu, siku kwa siku, kama chama kilivyotufundisha sote, kwa kuwa tajiri akikataa kulipa ovataimu daftari ndilo shahidi. Tulipoligeuza nyuma, tuliukuta wimbo. Beti zote tatu na kiitikio, pamoja na mistari aliyoikata na kuiandika upya, na tarehe juu ya kila ukurasa.

Hapana aliyesema neno kwa muda. Sote tulifundishwa kuandika saa zetu. Yeye peke yake ndiye aliyefikiri kwamba wimbo nao wastahili kuandikwa vivyo hivyo.

Mbele ya Katibu tukapatana hivi. Nusu ya fedha ni ya maneno, nayo ni yake, Sh. 30,000. Nusu nyingine ni ya sauti na upigaji, ikagawanywa kwa watano, yeye akihesabiwa, Sh. 6,000 kila mtu. Mjane akapata Sh. 36,000. Mmoja wetu hakuridhika, akaiacha bendi, na mpaka leo hajarudi. Twamkosa, maana alikuwa mwimbaji mzuri kuliko sisi sote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati mwingine huondoka na rafiki.

MIFANO MIKUBWA KULIKO YETU

Msidhani haya huwapata wanyonge wa tawi hili tu. Wimbo wa "Malaika" wajulikana dunia nzima. Fadhili William wa nchi yetu aliurekodi, na wageni wakubwa kama Miriam Makeba na Boney M wameuimba. Fadhili alifariki mwaka 2001, na hata leo watu wabishana kama ni yeye aliyeutunga au ni Adam Salim, au mwingine. Hatuna haja ya kuamua hapa. Twasema tu kwamba karatasi moja ya siku ile ile ingeokoa maneno mengi.

Na huko Afrika Kusini palikuwa na mfanya kazi mmoja, Solomon Linda, aliyekuwa akifungasha santuri katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Mwaka 1939 yeye na wenzake, Evening Birds, walirekodi wimbo uitwao "Mbube". Haki za wimbo huo zilikwenda kwa kampuni, na yeye, kama inavyosimuliwa, alipata shilingi 10. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina, mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight" ukapendwa sana Marekani, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Linda alifariki maskini mwaka 1962. Jamaa zake walikwenda mahakamani, wakapatana na wenye wimbo mwaka 2006, yaani miaka 44 baada ya kufa kwake. Alikuwa akifunga vifurushi kama sisi. Tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi twaweza kujua haya leo.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, nayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Twaeleza mambo manne tu.

Kwanza, wimbo ukiisha kuandikwa au kunaswa, haki ni ya mtungaji, naye huwa nayo maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Ndiyo maana mjane yule hakuja kuomba sadaka.

Pili, kuuza haki hiyo, au kumpa mtu mmoja ruhusa ya pekee, hakuna nguvu mpaka kuandikwe na kutiwa sahihi. Basi kupeleka demo si kuuza wimbo. Mtu akisema "mliniletea wenyewe", mwulizeni yako wapi maandishi.

Tatu, rekodi yenyewe ina haki yake mbali na wimbo, nayo ni ya yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Mkirekodiwa bure na mwenye studio, yaweza kuwa rekodi ni yake, hata kama wimbo ni wenu. Kwa hiyo lipeni, hata kidogo kidogo, mchukue risiti yenye jina la wimbo, na mwandikiane kwamba rekodi ni ya bendi.

Nne, na hili liwaingie sana wale wa kwaya. Kitu unachokitunga kwa kuagizwa, au kama sehemu ya kazi uliyoajiriwa, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa tajiri, isipokuwa kuwe na mapatano mengine. Tajiri akiwaomba mtunge wimbo wa sherehe ya kiwanda, tungeni kwa moyo mweupe, lakini kwanza pataneni kwa maandishi wimbo utakuwa wa nani baada ya sherehe.

Nyimbo zaweza kuandikishwa kwa njia ya mtandao katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO. Kuandikisha si lazima ili uwe na haki, lakini ni ushahidi mwema. Kuhusu vyama vya kukusanya mirahaba, leseni zake zimekuwa zikibadilika, basi ulizeni Bodi ni chama kipi chenye leseni mwaka huu kabla hamjajiunga.

SIKU YA KUTIA SAHIHI

Kampuni ikiwaita, furahini, lakini msitie sahihi siku ile ile. Chukueni karatasi, mje nayo ofisini. Maswali ni haya. Je, twauza kabisa au twakodisha? Kwa miaka mingapi, na kwa nchi zipi? Fungu letu ni kiasi gani, na ni gharama gani zitakazotolewa kwanza? Hesabu italetwa mara ngapi kwa mwaka, na je, twaweza kukagua vitabu? Wasipoutoa wimbo, utarudi kwetu lini? Kampuni ya haki haikasiriki kwa maswali hayo. Ninyi mwayajua tayari, maana ni yale yale tunayomwuliza tajiri kila tunapofanya mapatano ya mishahara.

OMBI LETU KWA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi. Pawekwe katika ofisi hii Daftari la Nyimbo. Kila wimbo upewe ukurasa mmoja, wenye jina la wimbo, tarehe, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, waliopiga, na fungu la kila mmoja. Wote watie sahihi siku wimbo unapokamilika, wangali wanapendana, kabla fedha haijaonekana. Risiti ya studio ibandikwe hapo hapo, na Katibu apige muhuri wa tawi. Demo yo yote isitoke bila ukurasa wake kujazwa.

Daftari tumekwisha linunua. Ukurasa wa kwanza tumeuandika kwa jina la marehemu mwenzetu, na mjane wake ametia sahihi mahali pake. Kurasa zilizobaki ni zenu. Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana mmoja wetu atakuwa ofisini, mje na nyimbo zenu.

Umoja ni nguvu.